Kompyuta ya Mama Yauliza Ndiyo au Hapana

...na bado inauliza, swali lilelile, kistari cha mwishoni kinapepesa kama jicho la mwalimu anayesubiri umalize kujitetea, ndiyo au hapana, nami nimeketi kwenye benchi la chumba cha kuvulia nguo, taulo kifuani, jasho linanitiririka mgongoni, kompyuta ya mama iko mbele yangu juu ya ndoo iliyofudikizwa kwa sababu mapajani ilikuwa inaniunguza, na nyuma ya mlango wa mbao mama na mdogo wangu Helinä wamo ndani ya sauna, chumba cha kuogea mvuke, wanayamwagia mawe ya moto maji, chiii, mvuke unapenya chini ya mlango na kunilamba vidole vya miguu, na mimi niliwaambia natoka mara moja tu narudi, mara moja, nani aliniroga niseme mara moja, kwa maana hakuna binadamu aliyewahi kuisasisha Linux, huu mfumo unaoendesha kompyuta, mara moja tu akarudi, hasa Linux ya aina hii, hasa iliyokaa mwaka na ushei bila kuguswa... "Marjukka, imefika wapi?" huyo ni mama, sauti yake inatoka kwenye mvuke kama ya nabii, nami najibu, "Inakaribia, mama," inakaribia wapi, inakaribia kaburini, lakini siwezi kumwambia hivyo mwanamke wa miaka sabini na tisa aliyekaa uchi kwenye ngazi ya juu kabisa ya mabenchi, kwenye joto ambalo Helinä mwenyewe halimudu, akijichapa mabega kwa kitita cha matawi mabichi, ndiyo desturi ya huko ndani, chap, chap, chap, kama mtu anayedai haki yake... na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwekea, hakuna wa kumlaumu, nilimwekea kwa mikono yangu na kwa majivuno yangu, alikuwa anakanda unga siku ile, mikono myeupe hadi viwiko, nikamwambia mama, hii haina matoleo, haizeeki, si kama zile za watu wengine zinazokufa kila baada ya miaka michache ukaambiwa ununue nyingine, hii inajisasisha kidogo kidogo daima, akaitazama akasema, "Basi ndiyo itakayonizika," na Helinä, ambaye alikuwa anataka tumnunulie tableti, tableti tu dada, unabonyeza hapa inaimba, unabonyeza pale inanyamaza, Helinä nikamhutubia robo saa nzima juu ya uhuru wa mtumiaji, mpaka akaenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Kwa sababu mifumo ya watu wenye akili timamu hutoka kama mikate, unachukua wa mwaka huu, unaula, ukiisha unachukua mwingine, lakini huu wetu ni sufuria ya supu isiyoepuliwa mekoni, kila siku kuna mtu mahali fulani duniani anatupia karoti, mwingine anatoa kitunguu, mwingine amegundua chumvi ya aina mpya, na ukipita kila wiki ukaonja kijiko kimoja hushtuki, ladha inabadilika nawe unabadilika nayo, ila ukikaa mwaka mzima halafu ukaja na bakuli lako unakuta wamehamisha hata mafiga... na nani asiyejua hilo, mimi ndiye ninayewaambia wageni kila Jumatano pale maktabani Tampere, kwenye chama chetu cha Linux, mimi na wale wanaume wenye ndevu wanaovaa soksi ndani ya makubazi, mimi mwalimu wa hesabu, mwanamke pekee, ninayesimama na kusema kanuni ya kwanza ndugu zangu ni moja, sasisha kila wiki, anayesasisha mara chache ndiye anayeumia, na wote wanatikisa ndevu, naam, naam, na mashine yangu mwenyewe inang'aa kama kikombe cha kanisani, huku ya mama... huku ya mama niliahidi nitakuja kila mwezi, ni saa tatu tu kwa gari, kisha ikawa mitihani, kisha theluji, kisha mgongo, kisha ikawa tu.

Nilipoiwasha leo na kuiamuru ijisasishe ilinikatalia papo hapo, kifurushi cha programu baada ya kifurushi, sahihi ya huyu haiaminiki, sahihi ya yule haiaminiki, kwa maana kila kifurushi hutiwa sahihi na aliyekitengeneza, na mashine huwa na funguo za kuzitambua sahihi hizo, na funguo za mama zilikuwa zimekwisha muda zote, kwa hiyo ilikuwa kama mtu aliyerudi kijijini baada ya miaka mingi akasimama sokoni, hakuna sura anayoijua, kila anayemsalimu anamwambia sikufahamu, wewe ni nani, ondoka... lakini hilo nililiweza, nikachukua kwanza funguo mpya peke yake, nikajipuliza kucha kwa maringo, bado nilikuwa nimevaa nguo wakati huo, kisha ikasema nafasi haitoshi, nikafuta takataka za miaka, kisha ikasema kuna faili limekaa mahali pasipo pake, nikaliondoa, kisha ikaanza kuvuta, vifurushi elfu mbili na kitu, kwa kimodemu kile cha intaneti kilichobandikwa kwenye dirisha la chumba hiki kwa sababu ni hapa tu panapouona mnara wa simu ulio ng'ambo ya ziwa, na mama akasema sauna imeshapata moto, huko ndani hakuna kompyuta, njoo, nikavua, nikaingia, nikakaa, nikavumilia mimwago mitatu ya maji, nikasema natoka mara moja... na kumbe ilikuwa imesimama inaningoja, kile kinachoshughulika na sauti na picha kwenye mashine hii kimebadilishwa jina, kimepasuliwa vipande, kimerithiwa na kingine nisichokifahamu, niondoe cha zamani niweke kipya, ndiyo au hapana, na najua, najua kama ninavyojua meza ya kuzidisha, kwamba mahali fulani kuna tangazo, liliandikwa labda msimu wa majani kupukutika, linalosema wazi kabisa usijibu ndiyo kabla hujafanya jambo fulani dogo kwanza, na jambo hilo dogo silijui, kwa sababu msimu wa majani kupukutika nililisoma kwa mashine yangu, nikalifanya, nikalisahau, na simu yangu iko kule kwenye nyumba ya mama, mezani jikoni, na siwezi kwenda kuichukua kwa sababu...

"Shemeji."

Kwa sababu ya huyu, Ilpo, mume wa Helinä, kichwa chake kimeingia mlango wa nje pamoja na mbu kadhaa, amegeuza uso upande wa kuni kwa heshima, mkononi ameshika waya wa friji yake ndogo ya bia, na chumba hiki kina soketi moja, moja tu, baba aliiweka mwenyewe na alisema moja yatosha kwa watu wasio na kiherehere, na betri ya kompyuta ya mama ilikufa zamani, ikichomolewa tu imezimika, na ikizimika katikati ya kazi hii, nikishaijibu, kiini cha mfumo kikiwa nusu kipya nusu cha zamani, haitawaka tena kamwe, itakuwa sahani ya kuwekea mikate. "Usiiguse hiyo soketi, Ilpo." "Bia inapata joto." "Iache ipate." Anafikiri. Ilpo hufikiri kama anavyoendesha trekta, hana gia ya haraka. "Itachukua muda gani?" "Sijui." "Wewe si mtaalamu?" Hakusema kwa ubaya, Ilpo hana ubaya, anauliza tu kama anavyoweza kuuliza hali ya hewa, lakini neno limenichoma kuliko mawe ya sauna, nami nasema, "Ukiichomoa, Ilpo, nakuapia, nitakuja kwako nikuwekee hii hii kwenye trekta," naye anautazama waya, anazitazama kuni, anasema, "Basi nitaiweka bia ziwani," anaondoka, mbu wamebaki.

Na saa ngapi sasa, lile jua la kiangazi la huku, lisilojua kutua, halisemi kitu, limekaa tu juu ya ziwa kama mgeni asiyeaga, lakini mama tangu nifike anaiuliza saa, na alipoona nimeifungua kompyuta akasema, "Saa kumi na mbili naihitaji," nikasema mama itakuwa tayari zamani, ya nini, akasema, "Ya karata," basi, nikacheka, mama na karata zake za mtandaoni, briji, anacheza na vizee wenzake wa Uswidi, alianza baba alipofariki, na Kiswidi chake cha shule ya zamani, nikasema mama leo sikukuu, utakosa karata mara moja, akanitazama tu, akaenda kuchukua taulo... na sisi watu wa mkoa huu wa Savo ndivyo tulivyo, wao ndivyo walivyo, mimi nimeshaharibika, nimeishi Tampere na watu wanaojibu wanachoulizwa, huku wanasema mtu wa Savo akifungua mdomo jukumu linahamia kwa msikilizaji, muulize mama unataka kahawa atakwambia hata kahawa watu hunywa, hiyo ni ndiyo, au hapana, inategemea ulikuwa umesikiliza kiasi gani, na kila Jumapili ninapompigia simu nauliza mama kuna jipya, anasema jipya litoke wapi, nasema u mzima, anasema hapa tupo tu, nasema kompyuta je, anasema inawaka, basi nakata simu roho nyeupe, binti mwema... chiii, mvuke tena, na Helinä anasema kitu, wanazungumza kwa sauti ya chini wakidhani mlango ni mzito, "...na goti linasemaje?" nasikia Helinä akiuliza, na mama, "Halisemi mengi. Jumamosi tu," kumbe goti linamsumbua, Jumapili hakuniambia, "Lakini mwezi uliopita lilisema mengi," anasema Helinä, na wanacheka, mtu anacheka goti la mama yake, "Limekuomba uende, na wewe umekaa kimya wiki nzima," anasema Helinä, uende wapi, hospitali, upasuaji, "Leo nitalijibu," anasema mama, chap, chap, "saa kumi na mbili."

Goti gani hujibiwa saa kumi na mbili.

"Mama," naita, "goti limefanya nini?" na huko ndani mawe yanapasuka kwa joto, kisha kicheko, si cha Helinä peke yake, cha mama pia, kicheko ambacho sijakisikia tangu sijui lini, cha kifuani, cha msichana, na mlango unafunguka kidogo, kichwa cha Helinä kinatokeza katika wingu, nyusi zimelowa, "Umesikia vibaya, dada. Si goti, ni Göte." "Göte ni nini?" "Ni mtu." "Mtu gani?" Helinä anageuka ndani, "Mama, ni mtu gani?" na mama kutoka juu huko, "Ana meno yake yote," na mlango ukafungwa.

Ana meno yake yote... ameyaonaje meno, kwa kamera, kamera ile niliyombandikia karatasi mimi mwenyewe nikamwambia mama usiibandue wezi wataona jikoni kwako, ameibandua, bila shaka ameibandua, hii hapa haina karatasi, ina alama ya gundi tu, mbona sikuiona, nimekaa mbele ya mashine hii mchana kutwa nikitafuta faili lililokaa mahali pasipo pake na sikuona kwamba kamera iko wazi... "Helinä, ni mwenzake wa karata?" napaza sauti kwenye mlango kama ninaungama kwa padri, na Helinä, "Ndiyo, wanacheza upande mmoja, wakishamaliza wanabaki wakizungumza, anaishi Västerås, kwao Uswidi, alikuwa akitengeneza piano, mkewe alikufa, anamtaka mama aende akakae naye majira ya baridi, aone kama atapapenda, leo mama anatoa jibu," yote hayo kwa pumzi moja, na mimi, "Mbona hukuniambia?" "Hukuuliza." "Nitaulizaje kitu nisichokijua?" "Hata mimi sikuuliza," anasema Helinä, "nilimkuta anapaka rangi ya mdomo Jumamosi," kwa sababu Helinä anaishi dakika kumi kutoka hapa na hupita kila wiki na chupa ya maziwa, anakaa, anakunywa kahawa, haulizi kitu, anaona tu.

Rangi ya mdomo, mama... mama aliyewahi kuniambia rangi ya mdomo ni ya watu wa televisheni, basi tumpigie simu huyo Göte, nasema, kama ni saa kumi na mbili na hii haijawa tayari tumpigie kwa simu ya Helinä aliyoiacha kwao, ni rahisi, nasema, "Mama, nambari yake ipi?" "Sina nambari." "Anwani?" "Nitaandikia barua mtu ninayemwona?" "Basi tutaingia kwenye mchezo kwa simu ya Helinä, nipe nenosiri lako." Chap. Chap. "Kompyuta inalijua," anasema mama, na moyo wangu umeshuka hadi kwenye ndoo, kompyuta inalijua, limo humu, nililihifadhi mimi ili asisumbuke kulikumbuka, limo humu ndani pamoja na Göte na meno yake yote, na nikiiua mashine hii leo, mzee wa watu atakaa mbele ya skrini yake kule Västerås amechana nywele, atangoja, atajua amejibiwa, kwa kuwa kimya nacho ni jibu, na Mswidi asiyewajua watu wa Savo atakielewa kimya hicho vibaya... au atakielewa sawasawa, na hapo, siwezi kusema lilitoka wapi, wazo likaja, likakaa kando yangu kwenye benchi kama mbwa wa jirani, kwamba si lazima nifanye lolote. Sihitaji hata kuharibu. Ninyamaze tu, nijibu hapana, au nijibu ndiyo bila lile jambo dogo, iwe bahati mbaya, hutokea, kila mtu pale maktabani atatikisa ndevu aseme hutokea, mwaka na ushei, dada, ulitegemea nini, na mama atakaa hapa, kwenye nyumba hii, na Göte atakuwa kama ndoto ya mchana, na Jumapili nitapiga simu na kuuliza kuna jipya, na jipya litoke wapi...

Na kidole changu kilikuwa pale pale juu ya herufi, na nimekitazama, kina kucha fupi, kina jasho, ni kidole cha mwalimu, kimesahihisha mitihani ya watoto wa watu miaka ishirini na kitu bila kumwibia hata mmoja nusu alama, na sasa kinataka kumwibia mama yangu Västerås. Maana swali la kama huyo mtu ni tapeli hata halikunijia kwanza, na mtu mwema lingemjia kwanza, la tapeli, lililonijia kwanza ni kwamba mama hakuniuliza, mimi, mkubwa wao, mtaalamu, na nani angeniuliza, mimi ninayefika mara moja kwa mwaka nikiwa na orodha ya vitu vya kurekebisha, nikaingia jikoni na kusema mama mfereji unavuja, mama hii taa, mama umekifungaje hiki, sijawahi hata kukaa... na kile kidirisha chekundu, Mungu wangu, kidirisha cha kukumbusha masasisho, alikuwa akinipigia kila mara mwanzoni, mwanangu mashine inaniomba kitu, nikachoka, nikamwambia mama ukikiona kidirisha chekundu kifunge tu, na leo asubuhi nilipomuuliza aliniambia kwa fahari, "Nimekifunga kila siku, kama ulivyosema," kila siku, mwaka mzima na ushei, kabla ya kahawa, mtiifu kama askari, anamfungia mlango mgeni kwa sababu binti yake amesema.

Mlango umefunguka na mama ametoka na wingu lake, mwekundu mwili mzima, majani mawili yamemganda begani, amejifunga taulo kama mfalme anayejifunga joho, ameketi kando yangu na benchi limelia, ananukia moshi na majani mabichi, anatazama skrini kwa muda. "Inasema nini?" "Inauliza kama niondoe cha zamani niweke kipya." "Na ukisema hapana?" "Itabaki hivi, nusunusu. Huenda sauti isitoke tena. Huenda isiwake." "Na ukisema ndiyo?" "Pia huenda isiwake," nasema, na ni kweli, na ni mara ya kwanza nimemwambia mama ukweli kuhusu mashine hii tangu alipokuwa na unga mikononi, nimeongeza, "Kuna kitu nilipaswa kukifanya kwanza, sikikumbuki," naye amekaa, anapumua, matone yanamdondoka kidevuni, hasemi si umesema haizeeki, hasemi Helinä alitaka tableti, anaipangusa skrini kwa ncha ya taulo lake, taratibu, kama anavyompangusa mtoto pua. "Ilikuwa inafanya kazi vizuri," anasema. "Najua." "Niliiambia kila kitu." Na huko ndani Helinä ameacha kujichapa, anasikiliza, nami nimemgeukia mama, na kwa kuwa nimeishi Tampere muda mrefu mno nimemuuliza kavu kavu, kama watu wasio na malezi, "Mama, utaenda kwa Göte?"

Anatazama dirishani, kule ambako Ilpo amepiga magoti kwenye gati akizipanga bia zake majini moja moja. "Huko kwao," anasema mama, "theluji huja mtu wa manispaa akaisomba mpaka kwenye ngazi."

Na nikanyamaza, na mwaka jana ningesema mama, nimekuuliza kuhusu Göte, theluji imeingiaje, ningesema mama jibu swali, lakini nimenyamaza, nimeliacha neno lishuke lenyewe, na nimemwona asubuhi ya Januari, giza tii, taa ya kichwani, koleo, anaikata njia kutoka mlangoni hadi kwenye kibanda cha kuni, kutoka kibanda cha kuni hadi barabarani, akimaliza ya nyuma imeshajaa tena, miaka tisa tangu baba afariki, na kila Jumapili ananiambia hapa tupo tu... na baba alipomchumbia, shangazi alitusimulia, alimuuliza papo hapo kwenye gati unanikubali, naye akamjibu mashua yako inahitaji lami, wakaoana kabla ya mavuno, kwa hiyo hii ya theluji si jibu dogo, hii ni ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kutoka kinywani mwake, na imetolewa kwangu, mbele yangu, nikiwa nimevaa taulo. "Vizuri," nasema. "Ni vizuri kusombewa theluji." "Wanasema," anasema mama, na mkono wake umegusa goti langu, goti la kweli, mara moja, ukaondoka.

Halafu lile jambo dogo, sijui, labda kwa sababu nimeacha kulitafuta, limekuja, si lote, kipande chake, kwamba kile cha zamani lazima kiondolewe peke yake kwanza, kabla, kwa amri yake, kisha ndipo uanze upya, nadhani ndivyo, nina hakika kama mtu anayekumbuka jina la mwanafunzi wa zamani, linaanza na K, nimejibu hapana, nimetoka kwenye swali, nimeandika amri ile, mama ananitazama vidole, "Unaandika haraka," anasema, kimeondoka, sasa hakuna cha zamani wala kipya, nimeanza upya, imeuliza tena, na safari hii nimebonyeza ndiyo, na mistari imeanza kushuka, myeupe juu ya weusi, inashuka kama mvua, sithubutu hata kuipumulia. "Ndivyo inavyotakiwa?" "Sijui, mama. Tungoje." "Haya." Na tunangoja, bega kwa bega, "Anatengeneza piano?" nauliza, na mama, "Alikuwa. Sasa anasikiliza tu kama zimeharibika," na anaanza kunieleza juu ya piano moja ya shule iliyoingia panya, anaeleza polepole, na jambo la ajabu ni kwamba namwomba Mungu huyu panya wake awe na hadithi ndefu, naiomba modemu ivute taratibu, "Na nani atakusasishia mashine kule?" nauliza, naye, bila hata kugeuka, "Kuna treni, na kuna meli, hata wewe utafika," na hilo nalo nimelisikia, lote.

Kisha ameitazama saa ya ukutani, amesimama, amenyoosha mkono kwenye ndoano kuchukua blauzi yake ya bluu, "Nasikia kamera huwa inawashwa yenyewe," anasema, na mimi, "Mama, mashine haijawa tayari, na ikiwa tayari nitakwambia, huna haja ya kukimbia," na mama ananipa kisogo, mgongo mwekundu, jani moja bado limemganda, "Sitaki anikute hivi," anasema, anapitisha mkono mmoja, anapitisha wa pili, anafunga vifungo kuanzia chini, "bado," na huko ndani Helinä amepaliwa na mvuke, anakohoa, anacheka, na mistari inashuka, haijafika hata nusu.